Nasri na Maiti wa Kichina

Nasri Harithi alikuwa akichomelea mageti Kizota, na mageti yake hayakufunga mpaka yasukumwe kwa bega, kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye mchezo. Aliuokota ndani ya belo la mitumba, zama zile za ruksa: boksi, dadu za ajabu na kitabu cha Kiingereza. Mmoja anasimulia kisa, wengine kila mtu anakuwa mhusika, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umempata adui.

Shida ilikuwa hao wahusika wa kitabuni. Askari wa farasi, kavaa chuma mwili mzima! Kwa jua la Dodoma? Mimi na Stara, dada yake, tulicheka mpaka akanuna. Sisi tulilelewa na video za Kichina, tena za mashetani. Basi Nasri akawapangua wote. Mwenye uchawi akawa mtawa wa Kichina anayebandika hirizi za karatasi ya njano. Mwizi akawa mbweha aliyejigeuza mwanamke. Huyo nilimnyakua mimi, Stara akachukua mtawa.

Tulichezea kibanda cha video cha Mzee Batholomeo, mchana kabla ya onyesho. Wacheza drafti nao wakakitaka.

"Jumamosi nitawasikiliza," Mzee akatuambia. "Nikisinzia tu, kibanda nawapa wa drafti."

Nasri hakuwa na pa kwenda. Kwao, baba yake aliziita dadu kamari na alishaapa kuzitupa chooni.

Jumamosi Nasri, msimulizi wetu, akatuletea maiti wa zile video za Kichina. Mikono mbele, anaruka kwa miguu yote miwili, puu! puu! Stara akabandika hirizi, dadu ikamkatalia. Mbweha wangu akambembeleza, dadu ikanikatalia. Maiti akatubana ukutani. Nikamtazama Mzee: kafumba macho. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Huyo maiti," Mzee akasema, macho bado kayafumba, "watani wake wako wapi?"

Tukatazamana. Kwetu mtu akifa, watani huuteka msiba. Humtania hata marehemu, wakamwambia kajilaza kwa uvivu, na hakuna wa kuwakasirikia.

"Wachina hawana watani, Mzee," nikasema.

"Nani kakwambia, Loisi? Nimejenga nao reli ya Zambia. Tumekula pamoja, tumetaniana mpaka basi. Mtani wao mimi hapa!"

Nasri akaruka juu. "Ingia, Mzee! Wewe ndiye Mtani. Rusha dadu!"

Mzee akasimama, akaunyooshea kidole ukuta mtupu. "Wewe! Ulipokuwa hai hata koleo hukushika, leo umekufa ndiyo unajifanya mwanamichezo? Nani kakuruhusu kutoka? Lala chini!"

Dadu ikazunguka, ikasimama kwenye namba kubwa kuliko zote. Stara akapiga vigelegele. Nasri alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nilifurahi mpaka nikasahau kukaa.

Wacheza drafti wakagonga mlango. Mzee Batholomeo hakugeuka hata shingo.

"Rudini makwenu!" akafoka. "Hapa kuna msiba, na maiti hatujamzika."