Ugali wa Mama Mkwe Ndani ya Data za Zege

Jamani, kama ni kunicheka nichekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu mkinikatiza katikati nitaishia njiani, na aibu yenyewe bado mbichi, mpaka leo nikiikumbuka nikiwa bafuni najikuta nimesema "aaah!" peke yangu na mke wangu anagonga mlango kuuliza kama nimeteleza.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Songea, maabara ndogo tu ya kupima vifaa vya ujenzi, na kwa kifupi kazi yangu ni kuvunja vitu. Unaleta tofali, unaleta kipande cha zege, naweka kwenye mashine, mashine inakandamiza mpaka kinapasuka, naandika kimepasuka kwa nguvu kiasi gani. (Siku ya posa nilipoeleza hivyo, mama mkwe wangu Bi. Zuhura alimgeukia mshenga akauliza, "Na huyo anayevunja, anayejenga ni nani?")

Huyo Bi. Zuhura ni mkulima wa mahindi na tumbaku kule Namtumbo, mwanamke wa swala tano, mkarimu kupita kiasi, ila ugali wake jamani. Hausongi ule, anauadhibu. Mwiko ukisimama katikati ya sufuria haulali. Msimu wa baridi alikuja nyumbani kwetu mtaa wa Ruhuwiko kututembelea wiki moja, akakaa mwezi na ushee, na kila asubuhi akanifungia ugali na dagaa wa Nyasa kwenye hotipoti nikale kazini, na mimi kwa heshima ya ukwe siwezi kukataa, nabeba.

Sasa kazini nina mwenzangu anaitwa Mbawala, mtu wa mizaha toka alfajiri. Siku moja alikata tonge, akaligonga mezani, likalia ko. Akaniangalia, nikamwangalia. "Issa," akasema, "hivi huu tukiupima?" Hapo ndipo nilipopaswa kusema tule turudi kazini, lakini mimi ndiye niliyeinuka kutafuta kiboksi cha chuma, kile kidogo cha kupimia mchanganyiko wa mchanga na saruji, nikakitandika nailoni, tukashindilia ugali mle ndani kwa adabu zote za kitaalamu.

Na kanuni ya maabara yetu ni kwamba mashine haiwashwi bila fomu. Basi nikajaza fomu! Sampuli namba arobaini na moja. Saruji: hakuna. Mchanga: hakuna. Kuchomwa tanurini: hapana. Chanzo: Bi. Zuhura, Namtumbo, na namba yake ya simu juu. Sikuandika uongo hata neno moja, hilo naomba mlishike. Tukauacha dirishani siku ishirini na nane kama zege linavyosubiriwa (tofauti ni kwamba zege linalazwa kwenye maji, huu tungeulaza ungerudi kuwa uji), upepo wa Julai ukaukausha, panya wakaja wakaonja pembe moja wakaondoka zao. Siku ya kupima ikafika, Mbawala akabonyeza, mashine ikakandamiza, tukasubiri upasuke. Haupasuki. Ulipokuja kupasuka, ulikuwa umeshalipita tofali la kuchoma la Madaba tulilopima asubuhi hiyo hiyo. Tulicheka mpaka Mbawala akakaa chini. Nikaingiza namba kwenye jedwali la kompyuta, na kwenye safu ya mwisho kabisa kulia, ile ya maelezo, nikaandika: "Huu ni ugali wa mama mkwe. Mzaha. Usitumwe popote."

Sasa mjue kilichokuwa kinaendelea ofisini wakati sisi tunacheka. Bosi wetu, Injinia Kapinga, mama mmoja mnyoofu kama rula, alikuwa amehangaika miaka kuandika barua ili maabara yetu iingizwe kwenye ushirikiano wa taasisi za utafiti, ule ambao kila taasisi inaweka matokeo ya vipimo vyake kwenye kapu moja ili mtu akitaka kujua habari za matofali ya kusini asianze upya wakati sisi tunazo. Wakubwa wakawa wanamjibu "mtajulishwa". Halafu akasikia kwamba kuna mmoja alisema kikaoni data za maabara za mikoani hazina uhakika. Neno hilo lilimuuma yule mama, nilimwona siku hiyo hakunywa hata chai. Mwishowe wakakubali kutujaribu: tupakie data zetu, wao wazisome, kisha waje kufanya kikao hapa hapa Songea na kuamua kama tunabaki ama tunatoka.

"Issa," Injinia akaniambia, "pitia mstari kwa mstari. Toa yote yasiyohakikiwa, ndiyo upakie."

Ilikuwa Ijumaa, siku mama mkwe anarudi Namtumbo, na mke wangu ameshapiga simu mara tatu kwamba mizigo iko mlangoni na mama yake ameshavaa. Mistari ilikuwa mingi. Nikasema moyoni, aah, si zote ni zetu, nikalibeba jedwali zima kama lilivyo nikalipakia, nikakimbilia stendi. Ndiyo hiyo, jamani. Dakika moja ya uvivu.

Zikapita wiki, nikasahau kabisa. Siku moja Injinia anaingia ameshika karatasi kifuani, anatabasamu (nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake ya pembeni). Dk. Lyimo, mwenyekiti wa ushirikiano, ameandika barua pepe anasema sampuli namba arobaini na moja imewashangaza wote, nyepesi, haina saruji, haikuchomwa, na bado inalishinda tofali la kuchoma, hivyo kikaoni wangependa kujua zaidi.

"Hii ni nini, Issa?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, tena hatukuwa na mtu mwingine. Lakini niliuangalia ule uso wake, nikashindwa. "Ni… ya kienyeji, Injinia."

"Nilijua!" akasema. "Nilijua huku kwetu kuna vitu."

Nikamfuata Mbawala anisaidie mawazo, akaniambia yeye jina lake halipo kwenye fomu. (Rafiki huyo.) Nikajaribu kuifuta ile sampuli kule kwenye kapu la pamoja, ikagoma, kumbe kilichoingia mle hakifutwi. Nikajipa moyo kwamba kikaoni nitasema sampuli ziliisha, mtengenezaji amehama, chochote.

Siku ya kikao ikafika. Wageni kama kumi hivi, makoti, projekta, maji ya chupa. Dk. Lyimo, mzee mpole wa miwani ya puani, akaonyesha mchoro ukutani: matofali yote yamejazana chini, na kitone kimoja kipo juu peke yake kinaning'inia. Akasema kama hii ni kweli, shule za vijijini zinaweza kujengwa kwa nusu ya taabu. Watu wakaandika! Nikaona mtu mzima na shahada zake anaandika kwenye daftari habari za ugali.

Injinia Kapinga akasimama, akajiweka sawa. "Waheshimiwa, nimewaandalia jambo. Namba ya mtengenezaji ilikuwa kwenye fomu. Nimempigia mwenyewe, naye amekubali kuja."

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia mama mkwe wangu. Amevaa kitenge kile alichoshonea harusi yetu, kajifunga mtandio mweupe, mkono mmoja sufuria, mkono mwingine mwiko, na kiroba cha unga kwapani. Nilitamani sakafu inimeze, na kwa kuwa sakafu ile niliipima mwenyewe nilijua haitapasuka.

"Asalaam aleikum," akasema. Halafu akaniona, uso ukamchanua. "Ee! Mkwe wangu! Kumbe na wewe unakaa na wakubwa!"

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba baba." Akawageukia wageni. "Amenipigia huyu mama, akaniambia kile alichokuja nacho Issa kazini kutoka kwangu kimewashangaza wakubwa, mnataka mwone ninavyokitengeneza. Nimewaaga majirani wote, wamenisindikiza mpaka barabarani. Sasa jiko liko wapi?"

Dk. Lyimo akavua miwani, akaangalia mwiko, akaangalia ukutani. Kijana mmoja wa kikoti akaanza kutabasamu upande, na Injinia Kapinga akanigeukia taratibu. Na mimi hapo sikumwogopa Injinia. Kilichoniuma ni kile kitenge, na wale majirani waliomsindikiza, na kwamba sekunde mbili zijazo watu wangemcheka mama wa watu aliyefunga safari kwa heshima. Niliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Nikasimama. "Ni ugali," nikasema. "Sampuli arobaini na moja ni ugali wa mama yangu huyu. Yeye hajui lolote. Niliuweka mimi kwenye mashine, kwa mzaha, na nikaupakia kwa uvivu. Kosa ni langu, si lake, wala si la Injinia."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akaweka sufuria mezani, polepole, juu ya makabrasha ya mtu.

"Ugali wangu uliuweka kwenye ile mashine yako ya kuvunja?"

"Ndiyo, mama."

"Subhanallah." Akaushika mwiko vizuri. "Ukavunjika?"

"Ulivunjika, mama. Mwishoni."

"Tofali lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. La Madaba."

"Nani alitangulia kuvunjika?"

"Tofali, mama."

Akawageukia wale wakubwa, kidevu juu. "Basi mmesikia."

Hapo ndipo chumba kilipolipuka, Dk. Lyimo alicheka mpaka akajifuta machozi na tai. Aliyekuwa hacheki ni Injinia Kapinga peke yake, amekaa, anaangalia mikono yake, na nikajua miaka yake ya barua nimeimaliza mimi.

Dk. Lyimo alipotulia akauliza, safari hii bila mchezo, "Na hayo mengine uliyotuletea, nayo tuyaaminije?" Nikaweza tu kufungua jedwali letu la awali, lenyewe la hapa hapa, nikalisogeza mpaka safu ya mwisho kulia. Yakatokea ukutani kwa herufi kubwa: "Huu ni ugali wa mama mkwe. Mzaha. Usitumwe popote." Juu yake: "Kipande kilikuwa na ufa kabla." Chini yake: "Umeme ulikatika, tumerudia." Kila mstari una lake.

Mzee akasoma mstari kwa mstari. "Kwetu hatukuona haya."

Kumbe kapu lao linapokea safu za vipimo tu, safu ya maelezo linaikata! Mbishano ukaanza hapo hapo, wao kwa wao, kila mmoja anauliza ni maelezo mangapi ya taasisi yake yamepotea, na mwisho wakaamua mambo mawili: maelezo yasikatwe tena, na maabara ya Songea ibaki, kwa sababu (alisema Dk. Lyimo, si mimi) anayeandika ukweli hata kwenye mzaha wake anaweza kuvumiliwa. Injinia Kapinga akashusha pumzi. Kisha akanipa adhabu: kila data inayotoka hapa niyasome maelezo yake yote kwa sauti, mbele yake, kabla ya kupakia. Mpaka leo nasoma. Na ile sampuli haikufutwa, kanuni ni kwamba kitu hakifutwi, kinafafanuliwa, kwa hiyo mwanafunzi yeyote akifungua kapu lile atakuta ugali, na jina langu pembeni kama mpimaji.

Mama mkwe hakunigombeza. Alisonga ugali pale pale nje ya maabara, wageni wakala, Mbawala akala mara mbili bila haya. Nikadhani yameisha.

Sikukuu ya Idi tukaenda Namtumbo. Ukoo mzima umekaa mkekani, majirani wale wale wapo, chakula kikaja, kila mtu na pilau lake. Langu likaja peke yake kwenye sinia, limefunikwa kawa. Nikafunua. Ugali, umekatwa pembe nne, pande zote sawa, na juu umechorwa kwa kijiti: arobaini na mbili.

"Karibu, mkwe," akasema Bi. Zuhura, amekunja mikono, wote wananiangalia. "Leo hakuna mashine. Tunapima meno."

Niliumaliza. Taya liliniuma siku mbili. Na toka siku hiyo sipakii faili lolote ambalo siwezi kulisoma neno kwa neno mbele ya mama mkwe wangu, yeye akiwa ameshika mwiko.