Miguu ya mama mkwe

Leo nimelizwa na kipande cha tangawizi, wenzangu.

Mjukuu wangu kaingia jikoni mchana huu wa Ramadhani, hana hata haya: "Bibi, mke wangu yuko kwenye siku zake, tumbo linamkata. Tangawizi naichemsha vipi?"

Na sauti yake ile, jirani wote wamesikia.

Mie akili ikarudi miaka ya hamsini, hapahapa Dunda.

Ndiyo kwanza nimeolewa, Ramadhani yangu ya kwanza ukweni. Nimeingia mwezini, sifungi, tumbo linanisokota. Mama mkwe kanipa kikombe cha tangawizi, ninywe kwa kujificha nyuma ya jiko. (Enzi zetu ukionekana unakunywa mchana, unaitwa kobe.)

Funda la pili tu, baba mkwe huyo, katoka kuswali Adhuhuri.

Akasimama. Akanusa.

"Nani ana tangawizi saa hizi?"

Kikombe nimekifunika kwa khanga.

Mama mkwe akajibu, hata hakugeuka: "Mimi. Nachua miguu, inaniuma."

Mzee akaenda zake.

Mwezi uliofuata nafungua mlango asubuhi, nakuta tangawizi kizingitini, imefungwa kwenye karatasi. Mzee yuko uani, anatazama pembeni.

"Mwanangu, mpelekee mama yako. Nadhani miguu imeanza tena."

Kila mwezi hivyo, mpaka nilipopata mimba.

Nyie kwenu nani alikuwa anajua na hasemi?

Mjukuu nimemwelekeza. Nikamwambia, ukiulizwa, sema ni ya miguu ya bibi.