Sigiri Kwenye Kibanda cha Njiwa

Nianze na mwenye makosa, maana shule yangu iliishia darasa la nne na sikufika pale wanapofundisha kuzungukazunguka. Mtu aliyekaribia kuniua kwa joto ni mama mkwe wangu. Yuko hai. Yuko hapa Kyebando, ameketi mkekani nyuma yangu anachambua maharage, na akiniuliza naandika nini namjibu, "Wewe."

"Andika vizuri," anasema. "Andika na mguu unaniuma."

Basi nimeandika.

Ilikuwa katika kambi ya polisi Naguru, alikofanya kazi mume wangu, chumba kimoja cha bati, siku ya tatu tangu nijifungue. Mvua ilikuwa haikatiki. Kwao mama mkwe, kaskazini, mwanamke aliyejifungua anawekewa moto ndani, mwili ukauke, maziwa yashuke. Lakini kwao nyumba ni ya nyasi, moshi unajitokea wenyewe. Chumba cha polisi si cha nyasi. Alileta sigiri ya mkaa, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa blanketi la kijivu la serikali, kisha akaenda nje kunikorogea uji. Aliyetuokoa ni mume wangu, aliyerudi kutoka zamu kufuata koti la mvua alilosahau. Alitukuta mimi na mtoto tumelala kama watu waliopigwa nyundo, akatuburuta nje mvuani. Mtoto akapiga chafya, mimi nikatapika, na tangu siku ile nimeishi kwa hasira. Hasira imenitunza vizuri. Wenzangu wana kisukari, mimi sina.

Mume wangu alipostaafu tulihamia hapa, na badala ya kununua ng'ombe kama wanaume wengine alileta njiwa wa mashindano. Si njiwa wa mchuzi. Hawa unawatia kikapuni, unawapeleka mbali kwa gari, unawaachia, nao wanarudi nyumbani wenyewe. Wa kwanza kuingia kibandani mwake ndiye mshindi. Alijenga kibanda juu ya bafu letu la nje kwa mikono yake: mbao, wavu na mabati matatu. Kisha ini likamkataa, akafa, akaniachia kibanda, njiwa tisa, na mama yake.

Nilitaka kuondoa vyote vitatu. Njiwa walianza kupungua wenyewe. Wawili walichukuliwa na mwewe, wanne waliliwa na paka wa yule jirani anayetengeneza simu. Ninajua ni paka wake, na yeye anajua kwamba ninajua. Lakini kulikuwa na jike mmoja wa kijivu, mwenye doa jeupe bawani, ambaye mume wangu alimlisha kwa kidole tangu hana manyoya. Siku ya mazishi kuna mfuga njiwa mwenzake, aliyekuwa amemchukua kwa mazoezi, alimwachia kutoka Bombo, hana habari kwamba tuna msiba. Jike akashuka kutoka mawinguni, akaingia kibandani tukiwa katikati ya wimbo, akaanza kunywa maji. Sikuweza kumuuza. Yeye ndiye kitu pekee cha yule mwanaume ambacho kilikuwa bado kinarudi nyumbani.

Hivyo nikajikuta nimo katika kundi la wafuga njiwa, watu watano, mwanamke peke yangu. Anayetunza saa ya mashindano ni mzee mwenye duka la nafaka, Mwislamu, ambaye babu za babu zake walikuja huku na misafara kutoka pwani. Mwingine ni sajini mstaafu aliyebaki Naguru. Huyu ana maneno. Kibanda chake amekitia balbu kubwa za joto, zinawaka usiku na mchana.

"Mama, njiwa wako watakufa na baridi," aliniambia. "Wangu wanalala na umeme kama wabunge."

"Na wanafanya kazi kama wabunge?" nikamuuliza.

Lakini lile neno lake la baridi lilimwingia mama mkwe wangu. Kuanzia siku hiyo ikawa ni wimbo: weka sigiri, weka sigiri.

Mwaka huu tulipanga kuwaachia Masindi, katikati ya mvua za Aprili. Mume wangu alinifundisha siri moja: jike mwenye kinda changa anaruka kama amesahau chungu motoni. Kwa hiyo nikampatia yule jike wa kijivu dume mapema, akataga mayai mawili, na makinda yakatoka zikiwa zimebaki siku kumi. Mabaya kuyatazama, macho yamefumba, mdomo mkubwa kuliko kichwa. Niliyapenda vibaya.

Asubuhi ya pili nikakuta moja limekufa, baridi kama kijiko.

"Nilikwambia," mama mkwe alisema kutoka chini ya ngazi. "Mtoto mchanga anataka moto."

"Wewe na moto! Mimi sikukutosha?"

"Wewe si uko hai? Unakula, unapiga kelele."

Nilimpa mgongo. Lakini mchana ule mvua ikarudi, upepo ukapita kwenye wavu, na nilipopanda nikamkuta kijivu amejivimbisha kama mpira, kinda lililobaki linatetemeka chini yake. Likifa hili, nilijua, hana tena cha kumharakisha kutoka Masindi. Na njiwa asiye na haraka, msimu wa mvua, anapotelea njiani.

Sasa namtaja mwenye makosa wa pili, na ni mimi.

Nilijidanganya hivi: Kyebando nzima tunalea vifaranga wa kuku kwa sigiri, mbona hawafi? Nilisahau kwamba banda la kuku ni refu na lina uwazi juu, wakati kile kibanda mtu akiingiza mabega kimejaa. Nikawasha mkaa kidogo, nikasubiri hadi ukawa mwekundu, nikaupandisha, nikauweka kwenye kona. Kisha, ili joto lisitoroke, nikafunika wavu kwa magunia, moja juu ya lingine. Nilifanya kimyakimya kama mwizi, maana sikutaka kizee kijue kwamba kimeshinda. Kilikuwa kimejilaza ndani. Nikachukua mwavuli, nikaenda dukani kununua mtama.

Mzee wa duka alikuwa anachota. "Jike wetu anaendeleaje, dada?"

"Yuko sawa. Nimempa moto."

Kibaba kikabaki hewani. "Moto gani?"

"Mkaa kidogo."

"Na wavu?"

"Nimeuziba kwa magunia."

Alirudisha mtama wote guniani. "Dada yangu, njiwa amezaliwa na koti lake. Baridi yetu hii anaicheka. Yeye anataka pakavu na hewa ya kupumua, basi. Nenda! Mtama utakukuta huko huko!"

Hapo ndipo nikaona lile blanketi la kijivu la Naguru. Sijui kwa nini sikuliona nilipokuwa naning'iniza magunia kwa mikono yangu. Nilipanda boda bila kupatana bei, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Nilipofika, magunia yalikuwa kwenye matope. Sigiri ilikuwa imepinduka katikati ya uwanja, inafoka mvuani. Na juu ya ngazi, yule mama ambaye hata kupanda kitanda husaidiwa, kichwa na mabega yake vilikuwa ndani ya kibanda, anapepea kwa kitenge chake huku anaita njiwa kwa lugha ya kwao.

"Mama! Utaanguka!"

"Nani ameweka moto hapa?"

Nilianza kuokota magunia.

"Nauliza nani?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe mwenyewe?" Alitoa kichwa akanitazama, mvua inamtiririka puani. "Unanisema kanisani, unanisema sokoni, umenisema kwenye matanga ya mwanangu. Halafu wewe!"

"Umejuaje, Mama?"

Alipepea tena mara mbili. Kisha akasema, "Njiwa walinyamaza. Siku ile na wewe ulinyamaza. Nilikuwa nje nakoroga uji, nikafikiri umelala. Leo sikufikiri wamelala."

Niliutupa mwavuli. Nilipanda hadi kipandio cha pili chini yake, nikamshika kiuno asianguke, akanipitishia kijivu mkononi; wenzake walikuwa wameshatorokea juu ya bati. Shingo ilikuwa imelegea, mdomo wazi. Nilimweka barazani penye upepo, na kinda juu ya kitambaa pembeni yake. Tukachuchumaa tukiwatazama, nguo zimelowa hadi ndani. Muda ukapita. Kijivu akafumba jicho, akafumbua, akajaribu kusimama, akayumba kama mlevi wa Jumamosi. Mama mkwe akanyoosha kidole kumsaidia, na jike akakidonoa kwa nguvu zote.

"Huyu amepona," alisema, akinyonya kidole. "Ana tabia yako."

Ndipo akakumbuka: "Lakini mle ndani maji yananidondokea shingoni."

Nilipanda kuangalia. Kweli. Palikuwa panavuja tone kwa tone juu ya kiota, upande ule ule kinda lilipofia. Misumari ya bati ilikuwa imepigwa kwenye mabonde, pale maji yanapopita, badala ya juu ya mgongo. Kinda halikuuawa na baridi. Lililoweshwa.

"Fundi gani mjinga hivi?" nilipiga kelele. "Nimtafute! Nimtaje jina mbele ya mwenyekiti wa mtaa!"

"Mtaje," mama mkwe alisema. "Ni marehemu."

Tulicheka mpaka tukashikana. Sikuwahi kumshika yule mama kwa kucheka.

Kesho yake nilihamisha misumari, nikaziba matundu kwa lami na vipande vya tyubu ya boda, nikatandika maranda makavu. Moto haukurudi. Kinda likajaa manyoya ya njano, likaanza kulia kwa sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Mama mkwe hakutaka kijivu aende Masindi. Alisema mzazi aliyevuta moshi asisafirishwe. Mimi niliona anakula, mavi yake makavu, bawa halilegei. Nikamtia kikapuni mwenyewe, lakini usingizi sikuupata.

Siku yenyewe tuliweka viti uwanjani asubuhi, shingo zikatuuma kwa kutazama kaskazini. Sajini alipiga simu mara tatu kusema wake wako njiani. Kabla ya saa sita, mama mkwe, ambaye hata uso wangu huwa anauuliza ni wa nani, akasema, "Yule."

Kijivu alishuka kama jiwe. Halafu akatua juu ya bati la bafu na kuanza kujichambua manyoya, kana kwamba hatuna saa. Maana hesabu ni mpaka aingie ndani na mimi nipige picha ya pete ya mguuni nimtumie mzee wa duka.

"Ingia, mama!" nilimwomba. "Ingia, mjinga wewe!"

Mama mkwe alikuwa anatikisa kopo la mtama kama manyanga. Jike hakumjali hata yeye. Kisha ndani ya kibanda kinda likalia, ule mlango usiotiwa mafuta, na kijivu akakatisha shughuli zake, akaingia.

Tulikuwa wa pili, nyuma ya dume la mzee wa duka. Njiwa wa sajini walifika kesho yake, mmoja mmoja, mabawa yana mapengo. Joto la balbu lilikuwa limewafanya wamwage manyoya kabla ya wakati wake. Sasa amezima umeme na amepunguza maneno.

"Umefika wapi?" mama mkwe ananiuliza kutoka mkekani.

"Umeshashuka ngazi."

"Umeandika kwamba ndiyo iliyoniharibia mguu?"

Sikuwa nimeandika. Sasa nimeandika, na mwenye makosa ni mimi. Kila jioni namchemshia maji ya kumkanda goti. Goti lile ndilo kitu pekee kinachotiwa joto hapa nyumbani, na mlango ninauacha wazi.