Fyuzi Mfukoni mwa Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa sola, na alikuwa na utaratibu uliowachosha wateja. Kabla ya kugusa waya wowote alizima taa na vifaa vyote vya nyumba, akazima inveta, akashusha swichi ya paneli, kisha akachomoa fyuzi ya betri na kuitia mfukoni. Hakuiweka mezani wala dirishani. Alisema ikikaa mezani kuna mtu atakumbuka televisheni yake, ataichomeka, na fundi bado ana waya mkononi. Baada ya hapo alipanda juu ya bati akazifunika paneli kwa blanketi zito, kwa sababu paneli haina habari kwamba umezima kitu chochote. Jua likiiangaza, inatoa umeme. Mwisho alipima kwa mita, na mpaka ioneshe kwamba hakuna kitu ndipo alipotoa koleo.

Kazi nilijifunza kwake. Mimi ni mtu wa haraka, na mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia mara nyingi, "Baba, hizi ni taa tu, watu wanatusubiri." Hakubishana nami. Alinikabidhi blanketi nipande nalo.

Kisha simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kasulo. Fundi amekuja, amefanya kazi yake vizuri, wamemshukuru, ameondoka, na taa haziwaki. Niliwasha pikipiki nikaenda. Nilipofungua boksi la betri nikakuta fyuzi haipo. Nilirudi kwetu Nyakahura nikaipekua mifuko ya koti la baba, nikaikuta. Tulicheka sana, yeye na mimi. Baadaye akapiga mwenye duka la vitenge pale sokoni, mtu wa utani. "Binti, mzee wako siku hizi anaondoka na umeme wetu mfukoni!" Nikacheka tena.

Mama hakucheka. Aliniita uani, akaniletea kikombe cha bati alichokuwa anakificha nyuma ya mtungi. Ndani kulikuwa na fyuzi, nyingine nyeupe, nyingine zimeungua pembeni, zote alizozitoa kwenye suruali za baba wakati wa kufua.

"Juzi aliniuliza choo kiko wapi," mama alisema. "Nyumba hii kaijenga mwenyewe."

Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni nikalia. Niliumia, na nilikuwa na hasira pia, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

Tangu siku hiyo sikumwacha aende kazini peke yake. Nilijiambia nikiwa naye hakuna litakaloharibika. Tulipoitwa Bugarama, kwa familia ya wakulima wenye friji na paneli nyingi zilizoungwa mfululizo, nilifurahi kumwona amechangamka. Alizima vifaa huku akikitaja kila kimoja kwa sauti, kama zamani. Akazima inveta. Akachomoa fyuzi, akaitia mfukoni, akaupigapiga mfuko. Mimi nikatoka kwenda kulifungua blanketi kwenye pikipiki.

Nilipogeuka alikuwa ameshapanda. Ilikuwa mchana, jua kali. Swichi ya paneli hakuishusha, blanketi nilikuwa nalo mimi, na koleo lilikuwa tayari kwenye nyaya mbili kwa pamoja.

"Baba, paneli!"

"Nimeshazima," alinijibu kwa upole, akabana koleo.

Cheche ilipasuka kwa mlio, koleo likaruka likaanguka kwenye migomba. Hakudondoka. Nilipanda juu ya paa sijui kwa miguu gani, nikamkuta amekaa juu ya bati ameshika vidole vyake vilivyoungua, ananitazama.

"Nani amewasha?" aliniuliza.

"Hakuna aliyewasha, baba. Ni jua."

Aliinua uso akalitazama jua, kisha akanitazama mimi. Niliona kwamba hajaelewa. Kitu alichokuwa akinihubiria tangu nikiwa msichana hakikuwamo tena kichwani mwake.

Jioni ile, vidole vyake vikiwa vimefungwa kitambaa, nilimwambia mbele ya mama kwamba kazi sasa basi. Nilimweleza kila kitu.  Machozi yalimtoka baba bila sauti, akasema, "Sawa, mwanangu."

Asubuhi nilimkuta amesimama kando ya pikipiki, amevaa koti, begi la vifaa begani, anaulizia kitambaa kilichomfunga vidole ni cha nini. Nikamweleza upya. Akalia upya. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyofuata. Kila mara ilikuwa habari mpya kwake. Mwishowe mama alinivuta jikoni.

"Utamwua baba yako mara ngapi?"

Basi siku hizi nasema uongo. Namwamkia shikamoo, naitikiwa marahaba, naulizwa leo tunakwenda wapi, nami najibu, "Leo hakuna kazi, baba." Anavua koti, anakaa kwenye kiti chake. Mimi naaga kwamba naenda shambani, na vifaa nimeshavificha kwa jirani. Kazi zipo nyingi, mpaka nyingine nazikataa.

Jana jioni niliporudi aliniita nikae karibu naye. Alikishika kiganja changu, akakigeuza, akakiangalia kwa masikitiko.

"Pole, mwanangu," alisema. "Kila siku hakuna kazi. Mimi ndiye niliyekuingiza kwenye ufundi usio na wateja, na umri wako unakwenda. Kama kuna kitu kingine unataka kujifunza, niambie tu. Tutauza ule mtamba wa ng'ombe wetu, nikusomeshe."

Simu yangu ikaanza kuita. Alikuwa mteja wa Kasulo. Nikaikata.

"Asante, baba," nikamwambia. "Nitafikiria."