Ubao Uliorudi Kwao

Nilipokuwa mtoto, ufuoni mwa ziwa huku kwetu Homa Bay, hakuna aliyenishinda kuogelea. Anayebisha aje. Ila kulikuwa na wimbi moja lililoninyima raha. Tuliliita Rwath, yaani fahali, kwa sababu lilikuja limeinamisha kichwa likayapiga mawe pembe. Lilikuwa limemuua baba yangu mdogo na kuitupa mashua yake ufuoni. Kwetu, mashua iliyoua haiguswi. Huachwa ioze, wala mbao zake hazipikiwi ugali.

Mimi nilitaka kulipanda Rwath, na ubao wa maana ulikuwa wa mashua hiyo. Nikaung'oa.

Dani, yaani nyanya mzaa baba, aliniona. "Omondi, huo ubao unajua njia ya kwao. Utarudi. Wewe je?"

"Dani, ubao hauna miguu."

"Na wewe huna akili."

Nililipanda! Wenzangu walishuhudia nimesimama juu yake kama askofu, kwa muda wa chafya moja. Kisha likanikunja, mwamba ukanichana bega, nikanywa nusu ya ziwa. Ubao ukazama. Dani alinifunga bega.

Asubuhi ubao ulikuwa umerudi mahali pake kwenye mashua. Wenzangu walitoka mbio, na hakuna aliyeyakanyaga tena mawe yale. Mimi nilibaki nikichunguza. Ulikuwa umepigiliwa msumari mpya, unang'aa. Nikajiuliza, jini gani hili linalonunua misumari dukani?

Nyumbani nilimkuta Dani akisonga ugali, kidole gumba amekifunga kitambaa.

"Umeumia na nini?"

"Mwiba wa samaki."

Wiki hiyo nzima tulikuwa tukila mboga ya sukuma tu.

Sikumuuliza tena. Alikuwa amezika mwana kwa sababu ya wimbi lile, na hakutaka kuzika mjukuu. Nimeshadanganya watu wengi tangu hapo, lakini sijaona uongo uliofanya kazi kama ule. Ingawa jambo moja bado linanitia shaka: ubao niliuona ukizama kwa macho yangu. Nani alimletea?

Siku hizi mwanangu mkubwa ananitazama kwa jicho la pembeni. Anauliza mbona mashua ile haimalizi kuoza. Namwambia ina wenyewe. Ubao ukilegea, naugongea msumari watoto wakiwa shuleni.

Jana nilijigonga kidole. Nimewaambia ni mwiba wa samaki.