Kivuli Kwenye Paa la Mama Kimya

Abiria walimwita Mama Kimya, ingawa shangazi yangu alikuwa na maneno kuliko redio. Kimya kilikuwa cha teksi yake, gari la kwanza la umeme mtaani kwetu. Abiria mgeni aliketi kiti cha nyuma akisubiri mngurumo.

"Mama, gari limegoma kuwaka?"

"Limewaka zamani, baba. Hata sokoni tumeshapita."

Alilinunua kwa mafao ya marehemu mumewe, akafunga na paneli za sola juu ya paa la nyumba yake. Asubuhi alipeleka watu makazini. Saa sita alirudi nyumbani, akachomeka waya, akapika na kujinyoosha kidogo huku jua likimjazia gari. Siku za mapumziko umeme uliozidi uliingia kwenye nyaya za shirika la umeme, nalo likampunguzia bili. Bili hiyo aliisoma kwa sauti, kama barua ya mchumba. Hakujaliwa mtoto. Gari ndilo lililomwezesha kuishi bila kumtegemea mtu.

Baba yangu, mdogo wake, alikaa naye ukuta kwa ukuta. Kaka yangu alipooa, shangazi ndiye aliyemsukuma baba apandishe ghorofa.

"Mtoto anahangaika na vyumba vya kupanga, na wewe una msingi wa kubeba meli!"

"Na sola yako, dada?"

Basi mchana mmoja wakasimamisha mwanzi juu ya paa la baba, kimo cha ghorofa ile, wakatazama kivuli chake kinalala wapi. Kililala uani kwa baba, mbali kabisa na kwa shangazi. Wakacheka, wakanywa chai, mafundi wakaitwa.

Ghorofa ikaisha, kaka na mkewe wakahamia, mtoto akazaliwa. Siku ile ya mwanzi jua lilikuwa likipita upande wa shangazi. Miezi ilivyosogea nalo likasogea, kama lifanyavyo kila mwaka, likawa linapita upande wa baba. Kivuli kikavuka ukuta. Mwanzoni kilikuwa utepe tu pembeni mwa paa. Kisha ikafika wakati, saa saba mchana, nusu ya paneli zimo kivulini.

Fundi wa sola alipanda, akashuka akipangusa mikono. "Zimeungwa pamoja, mama. Chache zikilegea, zote zinalegea."

"Jua si litarudi?"

"Litarudi. Lakini kila mwaka litaondoka tena."

Shangazi akaanza kununua umeme. Jioni, bei inapopanda, alichaji kidogo tu, cha kumfikisha kesho. Kwenye kituo cha kuchajia foleni ilimla asubuhi nzima, na wateja wake wa kila siku wakazoea teksi nyingine. Alichopata barabarani kiliishia kwenye mita. Bili hakuzisoma tena kwa sauti.

Baba aligundua kwa kumwona yuko nyumbani saa za kazi. Akaja, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Dada, hamishia paneli kwangu juu."

Shangazi akainua macho. Juu ya ghorofa nondo zilikuwa bado zimechomoza, zikingoja ghorofa nyingine.

"Na wajukuu wakiongezeka, mkapandisha tena?"

Baba naye akazitazama zile nondo. Kisha akasema polepole, "Basi nibomoe?"

"Ubomoe nini, na mtoto amelala mle ndani?" Akajaribu kucheka. "Wewe tangu utotoni, ukivunja kitu unataka kuvunja na cha pili ili mambo yawe sawa."

"Lakini tulipima, dada."

"Tulipima vizuri tu."

Gari lilinunuliwa na mtu wa mbali. Alipolitoa uani hatukusikia kitu. Baba alikuwa bado anaongea, akageuka, lango liko wazi.

Siku hizi shangazi anamlea mtoto wa kaka, wazazi wake wakiwa kazini, na mchana anakula huko juu. Mke wa kaka ana adabu. Humpakulia yeye kwanza, tena sahani iliyojaa. Shangazi hula nusu, akasema ameshiba, akaomba apewe vyombo aoshe.

"Shangazi, acha bwana, wewe ni mgeni wetu."

"Ndiyo maana," husema, na kufungulia maji.