Bomba Lililoganda Chini ya Jikoni

Asubuhi ile ya Julai, mwezi wa baridi kali huku kusini, sinki la jikoni liligoma tena kupitisha maji. Nilimimina birika zima la maji ya moto. Yakabaki palepale, na mabaki ya uji wa jana yakielea juu. Nikayachota kwa kopo nikayamwaga uani, kama nilivyokuwa nikifanya tangu baridi ilipoanza kukaza.

Nyumba yetu ni ya zamani, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Doornfontein. Sakafu ni ya mbao, na chini yake kuna nafasi ya mtu kutambaa. Humo ndimo linamopita bomba la sinki kwenda nje. Mume wangu ndiye aliyelifunga kwa waya tulipohamia, yeye akirudi kwao baada ya miaka ya uhamishoni Tanzania, mimi nikimfuata. Sasa waya ulikuwa umeliwa na kutu, bomba likalegea na kufanya tumbo katikati. Maji yalituama kwenye tumbo hilo, na baridi ya usiku ikayagandisha.

Zamani angelitengeneza kabla ya chai. Lakini kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto usiofanya kazi na mguu wa kuburuta. Fundi bomba aliahidi kuja, hakuja. Tukampigia tena, akaahidi tena. Mimi nashinda kiwandani Marshalltown nikishona sare, nikirudi namwogesha mume wangu, napika, naosha vyombo kwenye beseni. Nilikuwa nimechoka hata kulalamika.

Jumamosi hiyo nilitoka kuanika nguo, nikamkuta amejipenyeza kwenye tundu la ukuta wa nyuma, linaloingia chini ya sakafu. Kichwa na mabega vilikuwa ndani, miguu nje. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Nivute," alisema kutoka ndani. "Usiulize. Nivute tu."

Nilimvuta kwa mkanda wa suruali. Alikaa chini, vumbi hadi kwenye nyusi, akageuzia uso ukutani.

"Eish," alisema taratibu. "Hata hili nalo limenishinda?"

Nilichukua tochi, matambara na chupa ya maji ya moto, nikaingia mimi.

Udongo ulikuwa baridi kama sakafu ya bucha. Nilitambaa kwa viwiko huku yeye akinielekeza kwa sauti kutoka tunduni: zungushia matambara, mwagia maji, ngoja, mwagia tena. Nikasikia barafu ikipasuka ndani ya bomba, kisha maji yakaanza kwenda.

"Sasa liinue," alisema. "Panga matofali chini ya lile tumbo. Upande wa nje uwe chini zaidi, maji yasisimame."

Nilipanga matofali ya zamani yaliyokuwa yamezagaa humo, nikachomeka kipande cha mbao juu yake hadi bomba likakaa sawa. Kazi ikaisha. Lakini sikutoka. Nililala chali, nikazima tochi. Humo chini hakuna aliyeniomba dawa, wala maji, wala chakula. Nilifumba macho.

"Upo?" aliuliza.

Nilimsikia. Sikujibu.

"Mama watoto! Upo? Mke wangu!" Nikasikia fimbo yake ikigonga ukuta. "Sema kitu!"

"Nipo," nikasema. "Nimepumzika kidogo."

Nilidhani angenikaripia kwa kumtia hofu.

"Basi pumzika," akasema. "Mimi niko hapa."

Nilipotoka alikuwa bado ameketi juani kando ya tundu, midomo imemkauka kwa baridi. Tulisaidiana kusimama, hata sijui nani alimwinua nani.

Alasiri aliegemea sinki akaosha vikombe kwa mkono mmoja, polepole, maji yakishuka vizuri. Vikombe vilibaki na povu. Niliketi nyuma yake, nikamwacha aoshe.